Bastola za Colt na Walinda Sheria wa Magharibi ya Marekani

Mchana wa Oktoba 26, 1881, Virgil Earp, mkuu wa polisi wa mji wa Tombstone, Arizona, alikusanya watu watatu: wadogo zake Wyatt na Morgan, na daktari wa meno mcheza kamari, Doc Holliday. Wakashika njia kuelekea uwanja mdogo jirani na zizi la farasi la O.K. Corral. Huko kulikuwa na wachunga ng'ombe waliokuwa na uhasama nao, na baadhi yao walikuwa na silaha. Sheria ya mji ilikataza kubeba bastola mitaani, na Virgil alikwenda kuwanyang'anya.

Katika nusu dakika zikalia risasi zipatazo 30. Billy Clanton na ndugu wawili, Tom na Frank McLaury, wakapoteza maisha.

Sinema zimelirudia tukio hilo mara nyingi, ila chanzo chake husahaulika. Katika miji kama Tombstone na Dodge City, sehemu kubwa ya kazi ya mlinda sheria ilikuwa kuwavua watu bastola, si kushindana nao kufyatua.

Bastola zenyewe zilikuwa zimeenea kwa sababu ya Samuel Colt, aliyesajili uvumbuzi wake Marekani mwaka 1836. Kabla yake, bastola za kawaida zilipiga risasi moja, kisha mwenye nayo akaanza upya kushindilia baruti. Colt aliweka silinda yenye matundu kadhaa. Nyundo ikivutwa nyuma, silinda inazunguka na kuleta tundu jingine lililojazwa mbele ya mtutu.

Biashara haikumkubali upesi. Kiwanda chake cha Paterson, New Jersey, kilifungwa mwaka 1842. Waliomwokoa ni askari wa doria wa Texas, waliopigana na Wakomanche, wapanda farasi hodari walioweza kurusha mishale mfululizo wakati adui akijaza bunduki. Mwaka 1844, kikosi kidogo cha Jack Hays kilizitumia bastola za Colt kuwashinda Wakomanche waliokizidi kwa idadi. Samuel Walker, aliyekuwa katika kikosi hicho, baadaye alishauriana na Colt kuhusu bastola kubwa zaidi. Serikali ikaagiza 1,000 mwaka 1847. Moja ilikuwa na uzito wa kilo mbili hivi, kwa hiyo nyingi zilibebwa kwenye tandiko la farasi, si kiunoni.

Mwaka 1851 likaja toleo jepesi, Colt Navy. Wild Bill Hickok alivaa mbili zenye vishikio vya pembe za ndovu. Akiwa mkuu wa polisi wa Abilene, Kansas, usiku wa Oktoba 5, 1871, alimpiga risasi mcheza kamari Phil Coe. Papo hapo akaona mtu mwingine anamkimbilia, akafyatua tena. Alikuwa Mike Williams, msaidizi wake mwenyewe. Miezi miwili baadaye mji ukamwachisha kazi.

Bastola iliyovuma kuliko zote, Colt ya 1873, ilitumia risasi za ganda la chuma, hivyo kazi ya kushindilia baruti ikaisha. Jeshi liliichukua, na walinda sheria hawakubaki nyuma. Bat Masterson aliagiza zake moja kwa moja kiwandani. Pat Garrett alimuua mhalifu Billy the Kid kwa Colt ya aina hiyo mwaka 1881, na mwaka 2021 bastola hiyo ilinadiwa kwa zaidi ya dola milioni 6.

Umaarufu huo wa silaha umemfunika mtu aliyefanya kazi kubwa kuliko hao wote. Bass Reeves alizaliwa mtumwa huko Arkansas mwaka 1838. Mwaka 1875 akaajiriwa kuwa askari wa mahakama ya Fort Smith, iliyosimamia eneo kubwa la Wahindi Wekundu ambalo leo ni Oklahoma. Hakujua kusoma. Alisomewa hati za kukamata watu, akazikariri, kisha akaingia porini. Katika utumishi wa miaka 32 inaelezwa kwamba alikamata watu zaidi ya 3,000, akiwemo mwanawe mwenyewe aliyeshtakiwa kwa mauaji.

Reeves alifariki mwaka 1910. Fort Smith ilimsimamishia sanamu mwaka 2012, zaidi ya karne moja baadaye. Kwa kazi aliyoifanya, alistahili heshima hiyo mapema zaidi, na jina lake lingepaswa kutajwa kabla ya la Wyatt Earp.