Maneno ya Vijana katika Vinywa vya Wakubwa

Historia ya Sheng imezoeleka kuandikwa kama historia ya mitaa: Kaloleni, Shauri Moyo, Bahati, Pumwani na vitongoji vingine vya mashariki ya Nairobi, ambako watoto wa makabila mbalimbali walijijengea usemi wao juu ya sarufi ya Kiswahili. Upande wa pili haujashughulikiwa ipasavyo, nao ni jinsi watu wazima walivyoutumia usemi huo kwa haja zao. Katika miaka ya 1980 haja hiyo ilikuwa bado. Walimu na waandishi wa magazeti waliilaani Sheng, wakiitwika lawama za kuharibika kwa Kiswahili shuleni. Laana ile, pamoja na upungufu wake wote wa kitaalamu, angalau iliwaachia vijana mlango wao.

Mlango huo ulifunguliwa na biashara. Utangazaji ulipolegezwa katika miaka ya 1990, redio za kibinafsi zikaanza kugombea masikio ya vijana, na Kalamashaka wa Dandora wakadhihirisha kwa wimbo wao "Tafsiri Hii" kwamba Sheng yaweza kuvuma nje ya mitaa yake. Wenye bidhaa hawakukawia kuelewa. Wanasiasa nao wakafuata: katika uchaguzi wa Desemba 2002, neno "unbwogable" la Gidi Gidi Maji Maji, ambalo kiini chake ni kitenzi cha Kijaluo cha kutisha kilichovikwa viambishi vya Kiingereza, lilihamia majukwaa ya NARC. Wazee wenye mvi walilitamka kwa bidii kubwa na kwa lafudhi za kusikitisha.

Huko ng'ambo nilikosomea shahada ya pili, ilipendeza kudai kwamba kosa la mkubwa anayeiga vijana ni kuchelewa tu: anapolipata neno, wenyewe wamekwisha kulitupa. Dai hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Tuchukue kampeni ya "Nimechill" ya mwaka 2004. Umbo la neno ni la Sheng halisi, wala halikuwa limechakaa. Lakini mitaani kuchill kulikuwa kutulia, kungoja, kupumzika. Kampeni ililibana neno likawa na maana ya kujiepusha na ngono. Nia ilikuwa njema, kwani Ukimwi ulikuwa ukiua. Hata hivyo, hapo neno lilikuwa limegeuzwa kuwa agizo, na aliyeagiza hakuwa kijana. Linganisha na Ghetto Radio, au na kijarida cha katuni cha Shujaaz kilichoanza mwaka 2010: hapo Sheng ndiyo lugha ya mazungumzo yenyewe, si chambo.

Kisa kizito zaidi ni cha mwaka 2022. Exray, Trio Mio na Ssaru walikuwa na wimbo "Sipangwingwi". Tazama umbo lake: kitenzi panga, kiambishi cha kutendwa, ukanushi, kisha silabi ya mwisho ikarudiwa kwa mzaha. Kambi ya William Ruto ikalifanya kaulimbiu, likiwa na maana kwamba wananchi hawatachaguliwa kiongozi na wakubwa. Mwezi wa Aprili Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano ikalitia "hatupangwingwi" katika orodha ya maneno ya chuki. Basi wakubwa walilichukua neno, na wakubwa wengine wakalishtaki. Vijana waliolibuni kwa kucheza densi wakajikuta kati ya ugomvi usio wao. Sioni mfano bora wa matumizi mabaya, maana hapa hata matamshi hayakukosewa.

Miaka miwili baadaye mambo yaligeuka. Katika maandamano ya Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha, vijana walimwita Rais Zakayo, mtoza ushuru wa Biblia ya Kiswahili, nao wakahimizana "kuwasalimia" wabunge, yaani kuwafurikia kwa simu na ujumbe. Hakuna neno la kale na la adabu kuliko kusalimia. Safari hii vijana ndio walioingia katika ghala ya wazee, wakachukua lililo sanifu kabisa, wakalitia maana yao. Mswada uliondolewa tarehe 26 Juni, na wabunge waliokuwa wamesalimiwa walihitaji kuelezwa na watoto wao maana ya salamu hizo.