Kipigasampuli: jina la chombo na namna ya kukichagua

Neno sampuli halihitaji kutambulishwa Ifakara. Mwaka 1956 Mswisi Rudolf Geigy alianzisha hapa maabara ndogo ya utafiti wa magonjwa ya nchi za joto, na maabara hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Taasisi ya Afya Ifakara. Tangu hapo watu wa bonde la Kilombero wametoa damu ipimwe, na wamewazoea watafiti wanaokusanya mbu majumbani. Tone la damu ni sampuli, na mbu aliyenaswa ni sampuli. Kinachochukuliwa ni kidogo, nacho kinasimama badala ya kitu kizima.

Prodyuza anayetengeneza biti chumbani kwake, Kibaoni au karibu na stesheni ya TAZARA, analo neno hilohilo kwa umbo la studioni: sampo, na kitenzi chake kusampo. Ila huku muzikini neno limebeba mizigo miwili, na asiyeitenganisha atapata tabu siku ya kuchagua chombo.

Mzigo wa kwanza ni wa kihisabati. Sauti ni mtikisiko wa hewa, na kompyuta haihifadhi mtikisiko bali namba. Kwa hiyo huupima mtikisiko huo mara 44,100 kila sekunde, kama ilivyo kwenye CD, na kuandika kila kipimo. Idadi hiyo ina sababu: sikio la binadamu husikia mitikisiko hadi kama 20,000 kwa sekunde, na ili sauti irudi kama ilivyokuwa, vipimo vinatakiwa kuzidi mara mbili ya hapo. Wataalamu wa sauti huita kila kipimo kimoja sampuli. Mzigo wa pili ni kipande kizima cha sauti iliyorekodiwa: pigo moja la ngoma, noti moja ya marimba, sekunde mbili za taarabu. Hicho ndicho prodyuza anachokiita sampo.

Kwa maoni yangu, maana ya kwanza iitwe kipimo, na mara 44,100 kwa sekunde iwe kasi ya vipimo. Sampuli tuwaachie wanamuziki kwa maana ya kipande. Wapo wanaopenda kionjo, neno tamu kweli, lakini kionjo kimeshapata ajira: ni kile kipande kinachotangulizwa ili mashabiki wapate hamu kabla wimbo haujatoka. Tukilitumia tena, mtu akisema ametuma kionjo hatutajua ametuma nini.

Sasa chombo chenyewe, yaani programu inayopokea sampuli na kuziweka chini ya vidole vyako. Wengine husema kinasa sampuli, na zamani jina hilo lingefaa. Fairlight CMI, iliyotoka Sydney mwaka 1979, ilirekodi sauti kisha ikaipandisha kwenye kinanda. Emulator ya kampuni ya E-mu ya mwaka 1981 ilifanya hivyo pia, na MPC60 ya Akai, iliyosanifiwa na Roger Linn na kutoka mwaka 1988, ikaja na vibao vya kugonga kwa vidole ambavyo wapiga biti wa hip hop walivipenda mno. Vyote hivyo vilinasa. Programu nyingi za leo hazinasi. Kurekodi ni kazi ya programu nyingine ya studio. Anayenunua kwa kuliamini jina la kinasa atatafuta kitufe cha kurekodi asikione.

Kicheza sampuli nacho hakinitoshi. Tunacho kicheza CD, sawa, lakini CD ukishaiweka unakaa kusikiliza. Katika Kiswahili muziki huchezwa na waliosimama kiwanjani, ala hupigwa. Tunapiga ngoma, gitaa, kinanda, hata filimbi. Chombo hiki ni ala: usipokigusa hakilii, na ukikigusa kwa nguvu hulia kwa nguvu. Basi kifuate nyayo za kipazasauti na kinasasauti, kiitwe kipigasampuli, na vikiwa vingi, vipigasampuli. Jina linamwambia mnunuzi mambo mawili anayopaswa kuyauliza: kinapigika vipi, na kinapiga sampuli za nani?

Kupigika kwanza. Ukibonyeza kitufe, kompyuta haitoi sauti papo hapo; hukusanya kwanza fungu la vipimo. Fungu la vipimo 256 ni kama milisekunde 6, na mpigaji hahisi kitu. Fungu la vipimo 1,024 ni milisekunde 23, na hapo kidole kinatangulia na ngoma inafuata nyuma. Mtu aliyezoea ngoma ya kweli atachoka baada ya dakika chache. Kompyuta yenye nguvu ndogo hulazimisha fungu kubwa, la sivyo sauti inakatika. Ndiyo maana kwa mashine yenye gigabaiti 4 za kumbukumbu kipigasampuli chepesi ni bora kuliko kikubwa chenye madoido. Kijaribu kwa vidole vyako ukiwa umevaa hedifoni, hata kabla ya kusoma sifa zake.

Swali la pili ndilo zito. Mwaka 1998 programu iitwayo GigaSampler ilianza kusoma sampuli moja kwa moja kutoka kwenye diski badala ya kuzijaza zote kwenye kumbukumbu. Mlango ulifunguka: piano moja ikaweza kurekodiwa ufunguo kwa ufunguo, kwa nguvu tofauti za kidole. Kontakt ya Native Instruments ya Berlin ilifuata mwaka 2002, na leo maktaba nyingi za sampuli zinazouzwa duniani zimetengenezwa kwa ajili yake. Nyingine zina makumi ya gigabaiti. Kwa anayeishi kwa bando, kupakua mzigo kama huo ni gharama kabla hata ya bei ya maktaba. Na akishaufungua anakuta fidla, piano na ngoma za jazi zilizorekodiwa vizuri ajabu, ila si sangula, ngoma ya Wapogoro inayotikisa vijiji vya Ulanga na Kilombero.

Kwa hiyo shauri langu kwa prodyuza wa Ifakara liko wazi: chagua kipigasampuli kinachofungua rekodi zako mwenyewe bila masharti. Kontakt ina toleo la bure, lakini ni kwa maktaba zilizolipiwa leseni. Ukiingiza zako, hulia kwa muda mfupi kisha hunyamaza hadi uifungue upya. Kama unatumia FL Studio, ambayo wengi bado wanaiita Fruity Loops, tayari unacho kipigasampuli chepesi ndani yake: buruta faili la WAV na upige. Ukitaka kuweka mapigo mengi kwa mpangilio, iko sforzando ya Plogue, ya bure, inayosoma faili za SFZ, na iko Decent Sampler, ya bure pia.

SFZ naipenda kwa sababu ni maandishi matupu. Unafungua Notepad na kuandika: faili hili lilie kuanzia kitufe hiki hadi kile, pigo likiwa dogo lilie hili, likiwa kubwa lilie lile. Ni wazi kwa kila anayejua kusoma.

Ngoma yenyewe irekodiwe alfajiri, mashine za kukoboa mpunga zikiwa zimezimwa. Masika unyevu wa bonde hulegeza ngozi, basi ioteshwe moto hadi mpigaji mwenyewe aridhike. Sikio lake ndilo kipimo, si lako. Simu inafaa ikiwa inarekodi WAV bila kuminya sauti. Kama lazima utume kwa WhatsApp, tuma kama faili la hati, maana ujumbe wa sauti hufika umeminywa. Mpigaji apige taratibu, kisha kwa nguvu ya kati, kisha kwa nguvu zote, kila moja mara nne, na kila pigo liachwe lizimike lenyewe. Mara nne kwa sababu mkono haurudii pigo lilelile, na sikio hugundua haraka pale kompyuta inaporudia. Kipigasampuli kitazungusha yale manne. Kisha kata ukimya wa mwanzo wa kila faili. Ukiacha hata milisekunde 20, ngoma itachelewa maisha yake yote.

Hesabu yake inafurahisha. Pigo la sekunde 2, la mkondo mmoja, kwa kasi ya vipimo 48,000 na biti 24, ni baiti 288,000. Mapigo 12 hayafiki megabaiti 4, na ngoma nzima inaingia kwenye simu ya mtu yeyote.

Jambo moja la kuangalia: usiitandaze ngoma moja kwenye kinanda kizima. Kipigasampuli cha kawaida hupandisha sauti kwa kuiharakisha. Kila kitufe ni karibu asilimia 6, na ukifika oktavu pigo la sekunde 2 limekuwa la sekunde 1, ngoma imegeuka nyingine. Walakini kuna waliogeuza tabia hiyo kuwa mtindo. Singeli ya Dar es Salaam ilichukua vipande vya taarabu na kuviendesha kwa kasi inayovuka mapigo 200 kwa dakika. Albamu ya Sounds of Sisso, iliyotolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ilikusanya kazi za studio ya Sisso ya Mburahati, na ulimwengu ukasikia kwamba chumba kidogo cha Dar es Salaam kina sauti ambayo hakuna maktaba ya kununua iliyokuwa nayo. Sangula haijapata wa kuifanyia kazi ya namna hiyo kwa uzito inaostahili, na ningependa sana afanye mtu wa bondeni.

Akifanya, asiwasahau wenyewe. Kumega kipande cha rekodi ya zamani, tuseme ya Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, ni kuingia kwenye Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, ndiyo ya kuulizwa kabla. Kwa mpigaji wa kijijini, makubaliano yawe kabla ya pigo la kwanza: analipwa nini leo, na biti ikiuzwa itakuwaje. Ndani ya faili la SFZ, mstari unaoanza na mikwaju miwili (//) hurukwa na programu. Weka hapo jina la mpigaji kwa ridhaa yake, kijiji, tarehe na mlivyokubaliana, ili sampuli zikihama kutoka flashi hadi flashi, kutoka Mlimba hadi Mahenge, maelezo hayo yahame nazo.