Pikseli kama Mizani: Kwa Nini Watunzi Huru wa Michezo ya Video Hujifunga kwa Sheria za Zamani

Ikisiri

Makala haya yanachunguza michezo ya video inayotungwa leo na watunzi huru kwa sura na taratibu za miaka ya 1980. Yanadai kwamba mtindo huu hauelezwi vya kutosha na hamu ya zamani wala na uchache wa fedha. Ni bahari ya utunzi, kama bahari za ushairi, yenye sheria zake, na ubora wa kazi hutegemea kama mtunzi anajua kila sheria ilikuwa ikifanya kazi gani kabla hajaishika au kuiacha. Mfano mkuu ni Shovel Knight (2014). Celeste (2018) na UFO 50 (2024) zinatumika kuipanua hoja hiyo.

1.0 Utangulizi

Mnamo Juni 2014 kampuni ndogo ya Marekani, Yacht Club Games, ilitoa mchezo uitwao Shovel Knight. Shujaa wake amevaa deraya na silaha yake ni beleshi. Fedha za kuutengeneza zilichangwa na umma kupitia tovuti ya Kickstarter mwaka 2013: watunzi waliomba dola 75,000, wakapata zaidi ya dola 311,000. Kompyuta za wakati ule ziliweza kuchora hata jasho usoni mwa mcheza mpira. Hata hivyo, wachangiaji walilipia mchezo wenye sura ya mashine iliyotoka Japani mwaka 1983: vimiraba vinavyohesabika kwa macho, rangi chache, na muziki wa milio mikavu ya kielektroniki. Ni kama mwenye shamba la ekari mia kuamua kulima tuta moja la mchicha.

Shovel Knight haiko peke yake. Kabla yake Daisuke Amaya wa Japani aliitoa Cave Story mwaka 2004, akaigawa bure baada ya miaka mitano ya kuitengeneza peke yake. Baadaye zikaja Undertale ya Toby Fox (2015), Stardew Valley ya Eric Barone (2016) na Celeste (2018). Zote zimevaa vimiraba, na zote zimepata wachezaji wengi duniani.

Anayetaka kulielewa jambo hili kwa Kiswahili ana nyenzo ambayo wengine hawana: mjadala wetu wa ushairi. Kaluta Amri Abedi alipochapisha kitabu chake cha sheria za utungaji mwaka 1954, aliandika kanuni ambazo malenga walikuwa wakizishika kwa masikio. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, aliziacha kanuni hizo, na ugomvi wa wanamapokeo na wanamapinduzi ukawaka. Pande zote mbili zilibishana sana kama shairi lisilo na vina na mizani ni shairi. Swali lililopata nafasi ndogo ni hili: mizani ilikuwa ikifanya kazi gani? Shairi liliimbwa. Mishororo yenye mizani sawa iliwezesha sauti moja kubeba beti zote. Sheria ilikuwa na ajira. Swali hilohilo la ajira ya sheria ndilo linaloongoza makala haya.

2.0 Sheria zilizozaliwa na uhaba

Mashine ya 1983 ni Famicom ya Nintendo, iliyojulikana nje ya Japani kwa jina la NES. Ilikuwa na kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya kufanyia kazi, na picha yake ilikuwa ya pikseli 256 kwa 240. Vipande vya picha vinavyotembea, yaani spraiti, havikuweza kuzidi 64 kwa mara moja, na katika mstari mmoja wa kioo vilionekana 8 tu. Cha tisa kilitoweka. Ndiyo maana maadui wakijazana walimetameta: programu ilikuwa ikiwapangia zamu ya kuonekana. Kila spraiti ilikuwa na rangi 3. Super Mario Bros. (1985) nzima ilikaa katika kilobaiti 40, pungufu ya picha moja ya simu ya leo, na mawingu yake na vichaka vyake ni umbo lilelile lililobadilishwa rangi.

Uhaba wa namna hiyo, hata katika mashine za kabla ya Famicom, ulikuwa pia mkono wa tatu wa mtunzi. Katika Donkey Kong (1981), Shigeru Miyamoto alimvalisha Mario kofia kwa sababu nywele zilikuwa ngumu kuchora kwa pikseli chache, na akampa masharubu ili pua ionekane bila kuhitaji mdomo. Mfano ulio wazi zaidi ni Space Invaders (1978) ya Tomohiro Nishikado. Wavamizi 55 wanashuka taratibu, na kadiri wanavyouawa ndivyo waliobaki wanavyokimbia. Hakuna aliyepanga hivyo mwanzoni: kichakataji kililemewa na wavamizi wengi, kikapata nafuu walipopungua. Nishikado aliona kwamba kasoro hiyo inazidisha presha kadiri mchezo unavyokaribia kwisha, akaiacha. Hapo udhaifu wa mashine ukageuka kuwa kanuni ya sanaa.

Hata hivyo, si kila sheria ya zamani ilizaliwa na mashine. Nyingine zilizaliwa na biashara. Mchezaji kupewa maisha matatu, kisha kurudishwa mwanzo yakiisha, ni utaratibu wa kumbi za michezo, ambako mashine ilikula sarafu na mwenye ukumbi alihitaji foleni isogee. Michezo ilipohamia sebuleni, sarafu zilibaki ukumbini lakini maisha matatu yalihama nayo. Sheria ilibaki bila ajira, sawa na mizani katika shairi ambalo halitaimbwa kamwe.

3.0 Kushika na kuacha: Shovel Knight

Ukiitazama haraka, Shovel Knight ni Famicom tupu. Ukiichunguza, ina uasi mwingi. David D'Angelo, mmoja wa watunzi wake, alieleza hadharani mwaka huohuo wa 2014 mahali walipoivunja mashine. Kioo kimetanuliwa kwa upana wa runinga za kisasa. Mandhari ya nyuma husogea kwa tabaka kwa wepesi ambao Famicom isingeuweza. Rangi chache zisizokuwamo katika orodha ya mashine ile zimeongezwa. Spraiti hazimetameti hata maadui wakijazana. Muziki wa Jake Kaufman unatumia milio ya VRC6, kipande cha ziada ambacho Konami ilikiweka ndani ya baadhi ya kaseti zake nchini Japani.

Walichokishika ni kile kinachoongoza jicho na mkono. Rangi chache kwa kila umbo humlazimisha mchoraji kutofautisha adui na mandhari kwa mstari wa nje na mkao, na mchezaji humtambua adui kwa mtupo mmoja wa macho. Beleshi linalomrusha shujaa juu ya vichwa vya maadui ni mrithi wa fimbo ya DuckTales (1989), na ramani ya safari inamkumbusha mchezaji Super Mario Bros. 3. Walichokiacha ni kumetameta, maana hakukuwahi kuwa uamuzi wa mtunzi yeyote.

Uasi mkubwa zaidi hauonekani kwa macho. Shovel Knight imefuta maisha matatu. Ukifa, sehemu ya dhahabu yako inabaki hewani ndani ya mifuko, nawe unaweza kurudi kuichukua, au kufa tena njiani na kuipoteza. Wazo hilo limekopwa kutoka Dark Souls (2011), mchezo wa kisasa. Aidha, vituo vya kuanzia upya njiani vinaweza kuvunjwa kwa beleshi ili kutoa vito. Mwenye tamaa anapata mali, lakini akifa anarudi mbali. Hofu ambayo zamani ilisababishwa na sarafu mfukoni, hapa inasababishwa na uchaguzi wa mchezaji mwenyewe. Watunzi walijiuliza maisha matatu yalikuwa yakizaa hisia gani, wakaihifadhi hisia na kuifukuza sheria.

4.0 Ugumu bila adhabu

Celeste inalipeleka jambo hili mbele. Ilianza kama mchezo mdogo uliotungwa na Maddy Thorson na Noel Berry kwa siku nne ndani ya PICO-8. Hii si mashine ya kushikika bali ni mashine ya kubuni, iliyotengenezwa na Joseph White, yenye kioo cha pikseli 128 kwa 128, rangi 16, njia nne za sauti, na kaseti isiyozidi kilobaiti 32. Mipaka hiyo haikulazimishwa na umeme wala silikoni. Mtu alikaa akaitunga, kama anayebuni bahari mpya na kuwaalika wengine waandike ndani yake.

Celeste kamili inamfuata msichana Madeline anayepanda mlima huku akipambana na hofu zake. Ni ngumu kuliko michezo mingi ya miaka ya 1980. Mchezaji anaweza kufa mamia ya mara. Lakini kila kifo humrudisha papo hapo kwenye chumba kilekile, na mchezo unamwambia ajivunie hesabu ya vifo vyake. Chini kwa chini upo upole usioonekana: mchezaji aliyekwisha kupita ukingo wa jabali bado anaruhusiwa kuruka kwa takribani sehemu ya kumi ya sekunde, ili kidole kilichochelewa kidogo kisiadhibiwe. Asiyeuweza ugumu huo anaruhusiwa kupunguza mwendo wa mchezo au kuondoa kifo kabisa.

Mtazamaji wa juujuu ataiita Celeste mchezo wa kizamani. Kwa kweli haina hata kidogo ukatili wa zamani, kwa sababu ukatili ule ulikuwa wa sarafu. Ilichorithi ni ukamilifu wa chumba kimoja: kioo kimoja, tatizo moja, na sababu ya kufa inayoonekana wazi. Hiyo ndiyo mizani iliyokuwa na kazi.

5.0 Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza husema kwamba haya yote ni hamu ya zamani inayouzwa. Lina ukweli, lakini haliwaelezi vijana wengi walioipenda Undertale ilhali walizaliwa baada ya NES kuondoka madukani. Mtu hawezi kutamani kurudi mahali asipowahi kufika. Svetlana Boym, katika kitabu chake cha mwaka 2001, alitofautisha hamu inayotaka kuijenga upya nyumba iliyobomoka na hamu inayokaa kifusini ikitafakari. Michezo bora ya aina hii iko upande wa pili. Ushahidi ni vile vimiraba vyenyewe. Wachoraji wa zamani walichorea runinga za chogo, ambazo zililainisha kingo na kuchanganya rangi. Maporomoko ya maji katika Sonic the Hedgehog (1991) yalichorwa kwa mistari iliyopishana ili runinga iyageuze kuwa maji yanayopenya mwanga. Kimiraba kikali chenye kona nne, tunachokiona leo kama alama ya zamani, ni zao la vioo vya leo. UFO 50 ya Derek Yu na wenzake inakiri jambo hili waziwazi: ni mkusanyo wa michezo 50 inayodaiwa kuwa ya kampuni ya miaka ya 1980 ambayo haikuwahi kuwapo. Zamani yenyewe imetungwa.

Pingamizi la pili ni la fedha: vimiraba ni rahisi kuchora. Ni kweli kwamba mtu mmoja hawezi kushindana na studio ya wachoraji mia tano. Lakini Stardew Valley ilimchukua Barone zaidi ya miaka minne, na zipo njia rahisi zaidi za kutengeneza picha za kompyuta kuliko kupanga pikseli moja baada ya nyingine. Jesper Juul, katika Handmade Pixels (2019), anauona mtindo huu kama picha ya picha: teknolojia ya leo ikiigiza ya jana ili kudai uaminifu wa kazi ya mkono. Ninakubaliana naye kuhusu sura, ila uchambuzi unaoishia kwenye sura unaacha nusu ya kazi. Shovel Knight ingepakwa rangi elfu bado ingekuwa na mifuko ya dhahabu hewani, na hapo ndipo fikra zake zilipo.

6.0 Zamani ya nani?

Kalenda ya hamu hii ni ya Marekani na Japani. Kwa wengi waliokulia Afrika Mashariki, mchezo wa kwanza wa vimiraba haukuwa wa 1985 wala haukuhitaji runinga. Ulikuwa nyoka wa Nokia. Mchezo huo, ulioandikwa na Taneli Armanto kwa simu ya Nokia 6110 ya mwaka 1997, uliwafikia wengi kupitia toleo lake la pili katika simu kama 3310, yenye kioo cha pikseli 84 kwa 48 na rangi moja. Ndani yake imo kanuni kali kuliko nyingi za Famicom: kila chakula unachokula kinakurefusha, na urefu wako ndio unaokuua. Mafanikio na hatari ni kitu kimoja. Watoto waliuelewa bila maelekezo, wakigombea simu ya baba kabla chaji haijaisha.

Mtunzi wa Dar es Salaam au Mombasa anayeanza leo kwa kuiga kumetameta kwa NES anarithi kumbukumbu ya jirani. Si kosa, maana sanaa hukopa. Lakini kioo cha 84 kwa 48 ni bahari aliyoijua vidoleni kabla hajaijua kwa jina, na bado haijaimbwa vya kutosha.

7.0 Hitimisho

Sura ya zamani peke yake haiupi mchezo thamani, kama ambavyo vina peke yake haviyapi maneno ushairi. Mipaka hufaa pale mtunzi anapoijua ajira yake: rangi chache zinazoongoza jicho, chumba kimoja chenye tatizo moja, tamaa inayompandisha mchezaji na kumwangusha. Mipaka iliyobebwa kwa mazoea tu, kama maisha matatu yasiyo na sarafu, ni mzigo. Hivyo mwalimu anayefundisha utunzi wa michezo ya kompyuta katika vyuo vyetu asianze na injini kubwa za picha. Awape wanafunzi kioo cha pikseli 84 kwa 48, rangi moja na vitufe vinne, kisha awaulize kila kanuni wanayoiweka humo inafanya kazi gani.