Uvimbe wa ini usio saratani

Uvimbe wa ini usio saratani ni jina la jumla la vinundu vinavyoota ndani ya ini bila kusambaa kwenye viungo vingine. Vingi havina dalili. Mtu hupimwa ultrasaundi kwa sababu ya ujauzito au mawe ya nyongo, kinundu kikaonekana kwa bahati.

Kinachoongoza ni hemanjioma, fundo la mishipa ya damu linalowapata zaidi wanawake. Kuta za vijishipa vyake hurudisha mawimbi ya sauti kwa nguvu, hivyo kwenye skrini huwa doa jeupe la mviringo lenye kingo zilizo wazi, aghalabu chini ya sentimita 5. Kifuko cha maji huwa cheusi kabisa, na nyuma yake pakang'aa. Ugumu uko kwa adenoma, kinundu cha seli za ini, ambayo huweza kufanana na ini lenyewe. Huhusishwa na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, na ikizidi sentimita 5 huweza kuvuja damu ghafla au kugeuka saratani; hiyo hukatwa.

Mkoani Tabora, Tanzania, katika hospitali kama Kitete na Nkinga, picha haifai kusomwa bila kumuuliza mgonjwa alikoishi. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, kisha reli iliyofika Tabora 1912 na Kigoma 1914, vimeufanya mkoa huu kupokea watu wa kila upande. Aliyekulia ufukweni mwa Ziwa Tanganyika huenda ana makovu ya kichocho kando ya mishipa ya ini. Aliyechunga mifugo na mbwa kaskazini mwa nchi huenda ana kifuko cha tegu wa mbwa, ambacho ni hatari kukichoma sindano ovyo.

Linalotisha zaidi ni homa ya ini B, pamoja na sumukuvu ya karanga na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya, kwani vyote huleta saratani ya ini. Kwa mwenye ini zima, hemanjioma ndogo haihitaji dawa wala kisu, na ni haki yake kuelezwa hivyo waziwazi, asirudi nyumbani na karatasi ya majibu tu na hofu ya kifo. Kwa mwenye homa ya ini B au ini lililosinyaa, doa lile lile halipewi jina mpaka lithibitishwe kwa kipimo cha CT katika hospitali ya kanda kama Bugando, Mwanza. Chanjo ya homa hiyo iliingia katika chanjo za watoto nchini mwaka 2002; waliozaliwa kabla yake ndio wa kupimwa damu kwanza.