Kupatwa kwa Jua 1 Septemba 2016
Kupatwa kwa Jua kwa tarehe 1 Septemba 2016 kulikuwa kupatwa kwa kipete. Mwezi ulikuwa mbali kiasi na Dunia, hivyo kipenyo chake kilionekana kuwa takriban asilimia 97 tu ya kipenyo cha Jua. Ukingo uliobaki ulionekana kama pete kwa muda usiozidi dakika 3 na sekunde 6.

Nchini Tanzania
Ukanda wa pete, wenye upana wa takriban kilomita 100, ulipita kusini mwa nchi. Watu wengi waliitazama Rujewa, wilaya ya Mbarali, karibu saa sita mchana. Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, kama vile Mbamba Bay, zilikuwa nje ya ukanda huo, upande wa kusini-magharibi. Huko Jua lilipatwa kwa sehemu: lilibaki hilali, na mchana haukuwa giza.

Usalama
Hata hilali nyembamba ya Jua inaweza kuunguza retina ya jicho bila maumivu. Miwani ya kawaida ya jua haitoshi. Njia salama ni kutumia miwani maalumu ya kutazamia Jua, au kulipa Jua mgongo na kuacha mwanga upite kwenye tundu dogo la karatasi hadi karatasi nyingine.