Skonzi Zenye Msalaba

Alhamisi, kesho Ijumaa Kuu. River Road, Nairobi, hakukanyagiki. Makanga wanaita abiria wa Kisumu na Kakamega kama wanaonadi mitumba. Katika hoteli moja ya chai, kwenye kabati la kioo, vimkate vya mviringo vimepangwa siniani, kila kimoja kimechorwa mistari miwili myeupe iliyopishana. Mama mwenye mizigo anasonta kidole: "Nipatie skonzi sita, hizo za msalaba."

Kwa Kiingereza ni hot cross buns: moto, msalaba, kimkate. Mama ameacha moto, maana zilipoa tangu asubuhi. Msalaba, neno tulilopewa na Waarabu, ameushika. Bun ameiita skonzi, na hapo pana kisa. Scones ni wingi. Kiswahili kiliuchukua wingi huo kikaufanya umoja, kikautia irabu mwishoni: skonzi moja, skonzi sita. Kisha kikahamisha na maana. Scone ya Mwingereza huumuliwa kwa baking powder, nayo humeguka. Skonzi ya Nairobi huumuliwa kwa hamira, ukiivuta, inanyumbuka.

Hamira nayo ni ya Kiarabu, na ndiyo iliyotupa mahamri ya Mombasa. Neno letu wenyewe ni chachu, kutokana na kuchacha. Na chachu ndiyo inayogombanisha mkate huu na jina la sikukuu yake. Pasaka ni Pesach ya Kiebrania, na Kitabu cha Kutoka kinaagiza wakati huo iliwe mikate isiyotiwa chachu. Skonzi za mama zimefura kama mito.

Hakukosea peke yake. Kwa Wahabeshi wa mtaa wa Kilimani sikukuu ni Fasika, dada yake Pasaka kwa jina ingawa si lazima kwa tarehe: mwaka 2024 Pasaka ilikuwa 31 Machi, Fasika 5 Mei. Mkate wao wa siku hiyo, defo dabo, nao huumuka.

Waisraeli walikosa chachu kwa haraka tu. Walitoka Misri unga haujaumuka, vyombo vya kukandia wamevifunga nguoni, begani.

Honi inalia. Mama anazifunga skonzi kwenye leso, anaitupa begani, anakimbilia basi la Kisumu. Huko watoto watazipokea kwa jina lao la Kijaluo: makati.