Fidla imeandikwa 'Stradivarius'? Huenda ni ya kiwandani

Umekutana na fidla ya zamani inauzwa, ndani ina karatasi ya 'Antonius Stradivarius'? Tulia kwanza, usitoe hela. Stradivari, fundi wa Cremona, Italia, alifariki 1737, ila jina lake lilibandikwa kwenye fidla kibao za viwandani karne ya 19 na ya 20.

Nyingi zilitoka Mirecourt, mji mdogo mashariki mwa Ufaransa. Huko kampuni ya Jérôme Thibouville-Lamy, maarufu kama JTL, iligawa kazi: huyu anachonga shingo, yule anapaka vanishi. Karatasi ilitaja tu umbo lililoigwa. Haukuwa utapeli, mpaka muuzaji wa leo anapokaa kimya.

Cheki mistari myeusi ya pembezoni. Kwenye 'Medio Fino', fidla za bei chee za JTL, imechorwa kwa wino. Kwenye zile za daraja la juu ni vipande vyembamba vya mbao vilivyopachikwa. Ukikuta jina la nchi kwa Kiingereza, mara nyingi ni ya baada ya 1891, Marekani ilipoanza kudai bidhaa zionyeshe zilikotoka.

Usizidharau lakini. Jean-Baptiste Vuillaume, fundi mkubwa wa Paris, alizaliwa Mirecourt 1798, na JTL nzuri bado inampeleka mwanafunzi mbali.